Konokono aliyeishtaki rangi ya meli

Fundi yeyote wa vyombo, kuanzia Lamu hadi Vanga, anajua kwamba adui wa chombo si dhoruba peke yake. Chombo kikikaa majini miezi kadhaa bila kuguswa, upande wake wa chini huota. Huanza utando wa utelezi, yakafuata majani, kisha wale chaza wadogo wagumu wanaokata miguu kama wembe. Chombo kilichoota hakikimbii. Tanga limejaa upepo lakini mwendo haupo, na kama ni cha mashine, mafuta yanakwisha kabla ya safari. Ndiyo maana wazee wetu walisubiri maji ya bamvua yapwe, wakakilaza chombo mchangani, wakakikwangua, wakakipitishia moto wa makuti kuua mdudu anayetoboa mbao, halafu wakakipaka deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa shahamu. Juu ya maji walipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo ukishayanusa mara moja huyasahau tena. Baada ya miezi michache kazi hiyo ilianza upya.

Mataifa yenye meli za chuma yalikuwa na tatizo lilo hilo, ila kwao hasara ilihesabiwa kwa mamilioni. Meli ya mizigo iliyoota chini inakunywa mafuta mengi zaidi kwa safari ile ile, na kuiingiza gudini ikwanguliwe ni gharama na siku za kazi kupotea. Kwa miaka mingi walitumia rangi zenye shaba. Kisha, katika miaka ya 1960 na 1970, zikaenea rangi zenye dawa mpya inayotokana na bati: tributilitini, au TBT kwa ufupi. Rangi hizo zilikuja kutengenezwa kwa namna ya kujimenya zenyewe polepole meli inapokwenda, kila siku zikitoa dawa kidogo, hata meli ikaweza kukaa miaka mitano bila kukwanguliwa. Wenye meli walifurahi, na wenye mashua za starehe wakafuata.

Jambo moja lilipaswa kuwatia watu wasiwasi tangu mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, dawa za jamii hii ya bati zilikuwa zimejaribiwa kuua konokono wa maji baridi wanaobeba ugonjwa wa kichocho. Kwa maneno mengine, ilijulikana kwamba zinaua konokono. Kilichosahaulika ni kwamba baharini nako kuna konokono.

Kisa hiki nakileta kwa sababu kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kuna vijana wanaouliza: hii kazi ya kusomea viumbe vya baharini ni kazi gani hasa? Wengi wanadhani ni kuvaa miwani ya kuzamia na kupiga picha samaki wa rangi. Wazazi nao wanauliza kwa namna yao: mtoto wangu atakula nini? Ni swali la haki. Lakini kabla ya kulijibu, ni vyema mtu aone kazi yenyewe ilivyo ikifanywa na mtu aliyeijua. Nimemchagua Mwingereza mmoja ambaye jina lake halijulikani sana hata kwao: Geoffrey Bryan.

Bryan alikuwa mtafiti katika maabara ya Chama cha Biolojia ya Bahari cha Uingereza, iliyo juu ya kilima mjini Plymouth, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Maabara ile ilifunguliwa mwaka wa 1888, na ghuba inayoitazama ni kama Kilindini yetu: bandari ya kale, manowari, meli za mizigo, mashua za wavuvi na za matajiri, zote katika maji mamoja. Kwa hivyo mtafiti wa pale hahitaji kwenda mbali kutafuta uchafuzi. Uko chini ya dirisha lake.

Mtihani mkubwa wa kwanza kwa maabara ile katika jambo la uchafuzi ulikuja Machi 18, 1967. Meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon ilipanda mwamba kati ya visiwa vya Scilly na ncha ya Cornwall, ikiwa imebeba zaidi ya tani 100,000 za mafuta ghafi. Serikali ilishtuka, ikamwaga sabuni kali za kuvunja mafuta, baharini na juu ya fukwe, kiasi cha tani 10,000 hivi. Watafiti wa Plymouth waliweka kando kazi zao nyingine wakaenda kuangalia. Walichokikuta kiliwaaibisha wakubwa: mahali palipofika mafuta peke yake viumbe wengi wa mwambani walinusurika, lakini palipomwagwa sabuni miamba ilibaki mitupu. Dawa ilikuwa imeua kuliko ugonjwa.

Bryan alikuwa miongoni mwa waliofuatilia jambo hilo. Mwaka wa 1969 alichapisha utafiti kuhusu athari za sabuni hizo kwa konokono mmoja mdogo wa mwambani, ambaye jina lake la kitaalamu ni Nucella lapillus. Aliwachunguza ufukweni na maabarani. Tumkumbuke konokono huyu, kwa sababu atarudi.

Baada ya hapo Bryan alijishughulisha na madini. Cornwall ni nchi ya machimbo ya kale ya bati na shaba, na maji yanayotoka katika machimbo hayo yanashuka mitoni mpaka kwenye hori za bahari. Moja ya hori hizo, Restronguet, matope yake yana shaba nyingi kupita kiasi. Ajabu ni kwamba ndani ya matope hayo wanaishi minyoo, wale wa jamii ambayo wavuvi huwatumia kuwa chambo. Bryan na mwenzake Hummerstone walichukua minyoo wa Restronguet na minyoo wa hori safi, wakawatia wote katika maji yenye shaba. Wale wa hori safi wakafa haraka. Wale wa Restronguet wakastahimili. Utafiti huo ulitoka mwaka wa 1971. Vizazi kwa vizazi vya kuishi katika sumu vilikuwa vimeacha wale wanaoivumilia tu.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu hoja hii tunaisikia kila siku huku kwetu. Mtu anaonyesha hori lililojaa maji machafu, anasema: mbona kaa wapo, mbona samaki wapo, basi maji ni mazima. Minyoo wa Bryan wanajibu. Kuwapo kwa kiumbe si cheti cha usafi. Huenda aliyebaki ni yule sugu peke yake, na mwili wake umejaa madini ambayo yatahamia kwa ndege au samaki atakayemla.

Sasa turudi kwa konokono. Nucella ni mdogo, urefu wake kama sentimita tatu, ganda lake nene. Ni mwindaji. Hula kome na wale chaza wadogo wa mwambani, akitoboa ganda lao taratibu kwa ulimi wake wenye meno, kazi inayoweza kumchukua siku nzima au zaidi. Tofauti na konokono wa bustanini, ambaye kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, huyu ana dume mbali na jike mbali. Jike hutaga mayai ndani ya vifuko vidogo anavyovibandika kwenye mwamba, na watoto hutoka humo wakitambaa. Hawana kipindi cha kuelea na kupelekwa na mkondo kama watoto wa viumbe wengi wa baharini. Aliyezaliwa katika jiwe hili huzeeka karibu na jiwe hili. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lina uzito baadaye.

Mwaka wa 1970, mtafiti aitwaye Stephen Blaber aliandika kwamba katika eneo la Plymouth ameona majike wa konokono hawa walioota kitu kama uume nyuma ya pembe ya kulia ya kichwani. Wasomaji wangu mnisamehe, hakuna haya katika kutafuta elimu. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya Atlantiki, mtafiti wa Marekani kwa jina Smith aliona hali kama hiyo kwa konokono wa matopeni wa huko, akaipa jina la kitaalamu, imposeksi, yaani jike kubandikwa viungo vya kiume. Smith aliendelea kuchunguza, na kufikia mwaka wa 1981 alikuwa ameonyesha kwamba hali hiyo imejaa karibu na maegesho ya mashua, na kwamba mshukiwa ni rangi zenye bati.

Kwa hiyo miaka zaidi ya kumi ilipita kati ya mtu kuona na mtu kujua sababu. Hayo ndiyo maisha ya kazi hii. Mtu anaandika alichokiona, hata kama hakielewi, na karatasi yake inangoja.

Wakati huo huo, huko Ufaransa, jambo lilikuwa limewafikia watu mifukoni. Katika ghuba ya Arcachon, karibu na Bordeaux, watu wanaishi kwa kufuga chaza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 chaza wao walianza kuharibika. Maganda yalinenepa na kugawanyika vyumba vyumba vilivyojaa ute, mpaka chaza mwingine akawa kama mpira, ganda tupu nyama hakuna. Kibaya zaidi, watoto wa chaza hawakuonekana msimu baada ya msimu. Ghuba hiyo hiyo ilikuwa imejaa mashua za starehe. Mtaalamu Claude Alzieu na wenzake walifuatilia mpaka kwenye TBT, na Januari 1982 serikali ya Ufaransa ikapiga marufuku rangi hizo kwa vyombo vya chini ya mita 25. Watoto wa chaza wakarejea. Angalieni kilichoharakisha hukumu: chaza wana wenyewe, na wenyewe wana kura. Konokono wa mwambani hana mwenyewe.

Wakili wa konokono alitokea Plymouth. Bryan aliungana na Peter Gibbs, mtaalamu wa minyoo wa maabara ile ile, wakaanza kuzunguka pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, ufukwe hadi ufukwe. Kazi yao ilikuwa ya mikono. Waliokota konokono, wakavunja ganda kwa uangalifu, wakatazama chini ya hadubini nani dume, nani jike, na jike gani ameota nini, kisha wakapima kwa milimita. Walipanga hali ya majike kwa hatua sita. Katika hatua za mwanzo ni kiota kidogo tu. Mbele yake, mrija wa kiume unakua mpaka unapita juu ya tundu la kutagia na kuliziba. Jike anaendelea kutunga vifuko vya mayai lakini havina pa kutokea. Vinarundikana ndani mpaka vinamuua.

Walikuta kwamba karibu kila ufukwe una majike wenye dalili, na kwamba kadiri unavyokaribia bandari na maegesho ya mashua ndivyo hali inavyozidi. Penye hali mbaya kabisa, majike walikuwa wachache kuliko madume, vifuko vya mayai hakuna, watoto hakuna. Ukitazama kwa mbali unaona konokono wakubwa mwambani ukadhani kuna uhai, kumbe ni wazee wanaongoja siku zao.

Lakini kuona mawili pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Mwenye kiwanda angeweza kusema ni joto, ni maradhi, ni maji taka. Basi wakafanya yale ambayo wakili mzuri hufanya. Walichukua konokono wazima kutoka pwani safi ya kaskazini mwa Cornwall wakawahamishia karibu na mashua. Majike wakaanza kuota. Maabarani waliwapa wengine TBT peke yake, wakaota. Baadaye wakajaribu dawa nyingine za bati za aina tofauti, moja moja, na TBT ndiyo iliyojitokeza kuwa mkosaji. Makala zao kuu mbili zilitoka mwaka wa 1986.

Kiwango cha sumu chenyewe ndicho kinachomfanya mtu aseme subhanallah. Dalili kwa konokono zinaanza penye nanogramu moja hivi ya TBT katika lita ya maji, au hata chini ya hapo. Tuiweke kwa lugha ya kawaida. Ni sawa na gramu moja ya dawa, chembe ya kutia kwenye ncha ya kijiko, iliyokorogwa katika lita bilioni moja za maji, yaani vidimbwi 400 vya kuogelea vya ukubwa wa Olimpiki. Katikati ya miaka ya 1980, Uingereza ilikuwa imejiwekea lengo kwamba maji yasizidi nanogramu 20 kwa lita. Konokono alikuwa ameshapotea muda mrefu kabla ya kufika hapo. Baadaye kiwango kilishushwa hadi nanogramu 2. Vyombo vya kupimia vya siku hizo vilihangaika kusoma idadi ndogo namna hiyo. Konokono aliisoma bila taabu, kwa mwili wake.

Kwa nini dawa ya bati imgeuze jike? Jibu lilichukua miaka mingine. Mwaka wa 2004 watafiti wa Japani, waliokuwa na tatizo lile lile kwa konokono wao wa mwambani, walionyesha kwamba TBT inaingia katika kipokezi fulani cha mwilini kama ufunguo bandia unavyoingia katika kufuli, na kuanzisha amri ya kukuza viungo ambayo mwili wa jike haukuitoa. Kipokezi hicho si cha konokono peke yake. Wanyama wengi wanacho, na sisi tunacho. Mwaka wa 2006 watafiti wa California walionyesha kwamba watoto wa panya walioguswa na TBT tumboni mwa mama zao walizaliwa wakiwa na mafuta mwilini kupita kawaida. Simaanishi kwamba mtu akila pweza wa Kilindini atanenepa. Nasema tu kwamba anayecheka "habari za konokono" ajue kufuli lile lile liko mlangoni kwake.

Uingereza ilipiga marufuku TBT kwa vyombo vya chini ya mita 25 mwaka wa 1987, mwaka mmoja tu baada ya makala za Bryan na Gibbs. Ni haraka kwa serikali yoyote. Meli kubwa ziliachwa, na hapo ndipo penye mvutano wa miaka mingi: wenye meli walisema bila rangi hiyo watachoma mafuta zaidi, na hoja hiyo haikuwa ya uongo. Mkataba wa kimataifa wa kukataza rangi zenye bati ulipitishwa katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, mwaka wa 2001, ukaanza kutumika Septemba 17, 2008. Hesabuni wenyewe: kutoka Blaber kuona kiota mwaka wa 1970 hadi sheria kuanza kazi duniani, miaka 38. Kufikia hapo zaidi ya aina 100 za konokono sehemu mbalimbali za dunia zilikuwa zimepatikana na hali hiyo.

Gibbs hakuacha. Mwaka wa 1993 aliandika kisa ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Katika ufukwe wa Dumpton, Kent, konokono walikuwa wanaendelea kuzaana ijapokuwa maji yalikuwa machafu vya kutosha kuwamaliza. Sababu ilikuwa kilema cha kurithi: baadhi ya madume wa pale walizaliwa na viungo vya kiume vilivyodumaa au visivyokuwapo. Kwa kuwa majike wa ukoo huo nao walirithi udhaifu huo, TBT ilipowaamrisha waote viungo vya kiume, miili yao haikutii sawasawa, na tundu la kutagia halikuzibwa. Kasoro ikawa ngao. Hakuna mwandishi wa hadithi angethubutu kubuni hivyo.

Katika fukwe nyingi za Ulaya konokono wamerudi, ingawa polepole, kwa sababu ile niliyoitaja ya watoto kutambaa badala ya kuelea. Mahali walipokwisha kabisa, ni lazima wafike kwa kutembea, jiwe kwa jiwe. Nchi za Ulaya Magharibi hadi leo zinamtumia konokono huyu kama kipimo rasmi cha TBT katika maji yao.

Na sisi? Kilindini imepokea meli za dunia nzima katika miaka yote ambayo rangi hizo zilikuwa halali. Hakuna ukuta baharini uliozuia rangi ya Ulaya isije kujimenya Mombasa. Ndani ya maji yenye jua TBT huvunjika kwa siku au wiki, lakini ikizama katika matope yasiyo na hewa inaweza kukaa miaka na miaka. Ndiyo maana uchimbaji wa kuongeza kina cha bandari si jambo la kuhesabu mchanga tu. Unapofukua matope ya bandari ya zamani unafukua pia daftari la kila kilichomwagwa humo, na swali la kumwuliza mkandarasi si "mnatupa wapi" peke yake, bali pia "mmepima nini kabla ya kutupa". Mikutano ya hadhara kuhusu miradi hii hufanyika, watu hutia saini mahudhurio, soda hugawiwa, na swali hilo silisikii likiulizwa.

Wavuvi wa Lamu walionyesha kwamba inawezekana kwenda mbali. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya madhara ya ujenzi wa bandari mpya kwa riziki yao. Kesi ya namna ile haishindwi kwa machozi. Inahitaji mtu wa kusema kulikuwa na nini pale kabla, na kuna nini sasa. Penye kumbukumbu ya "kabla" mvuvi ana nguvu, na pasipokuwa nayo, upande wa pili utasema samaki hawakuwahi kuwapo.

Hapo ndipo lile swali la wazazi linapopata jibu. Taasisi ya KMFRI iko hapa hapa Mkomani. Mwaka wa 2018 utafiti wa wanasayansi wetu ulitoa ushahidi wa kwanza ulioandikwa kwamba viumbe vidogo vinavyoelea katika bahari ya Kenya vinameza chembe za plastiki. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko Tudor, hatua chache kutoka hori linalohitaji kutazamwa. Anayesomea fani hii anaweza kuajiriwa na taasisi za serikali, bandari, kaunti au kampuni zinazoandika ripoti za mazingira. Sitadanganya kwamba nafasi ni nyingi. Lakini nafasi hizo zikijazwa na watu wasiojua tofauti ya hori la Tudor na bwawa la Masinga, tusilalamike ripoti zikiandikwa jinsi zinavyoandikwa. Mtoto aliyekulia Mtwapa au Faza anaanza masomo haya akiwa mbele: anajua maji ya bamvua ni lini, anajua mwamba upi ulikuwa na chaza na sasa hauna.

Rangi nazo hazijaisha. Baada ya TBT watengenezaji walirudi kwenye shaba wakaichanganya na dawa nyingine, na moja ya dawa hizo, sibutirini, nayo imekwisha kukatazwa katika mkataba ule ule wa IMO tangu Januari 2023. Huku kwetu boti za faiba na za mbao hukwanguliwa ufukweni, unga wa rangi ya zamani ukaachwa pale pale mpaka maji yajae yauchukue. Turubai la kutandika chini ya chombo wakati wa kukwangua, na gunia la kuzolea, ni gharama ndogo kuliko kopo moja la rangi. Na anayenunua kopo asome kilichoandikwa nyuma, hasa kama limeuzwa rahisi kupita kiasi na maandishi yake yamefifia.

Konokono walio jamaa wa Nucella wapo katika miamba yetu pia, wenye maganda manene na tabia ile ile ya kutoboa wenzao. Mwalimu wa sayansi mwenye darasa la vijana ishirini anaweza kuanza kumbukumbu ya ufukwe wake maji yakipwa Jumamosi moja, akairudia kila mwaka mahali pale pale: konokono thelathini au arobaini, jiliwa la kuvunjia ganda, rula, hadubini ndogo ya shule, na daftari lenye tarehe.